Ubeti Mmoja Ndani ya Buti

Pale ukuta wa duka la rangi unapokata kona kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, na wanaoukalia asubuhi na vikombe vyao vya kahawa hawana habari na mpira wala siasa. Kazi yao ni moja, kuvumbua waimbaji ambao hakuna mtu anayewajua. Mshona viatu ndiye mwenye kijiwe, na kwa jinsi anavyonusa nyimbo mpya wamempa jina la Sikio. Wimbo unawekwa kwenye simu, simu inatumbukizwa ndani ya buti la mpira ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua, maana buti lile linaipa sauti kifua, kisha wote wanainamisha vichwa kama watu wanaochungulia kisima. Unapigwa ubeti mmoja tu. Ukizidi hapo wapita njia watasikia, wataupenda, wataupiga mluzi mpaka sokoni, na mwimbaji akishapigiwa mluzi na kila mtu, kijiwe kinamzika. Hawamtaji tena. Wameshawazika wengi, wazima na afya zao.

Asubuhi hiyo Sikio alifika kijiweni kabla ya wote. Binti yake anaolewa keshokutwa, na kila jambo lilikuwa limeshagawanywa bila yeye: ukumbi kwa baba wakubwa, nguo kwa mashangazi, chakula kwa upande wa bwana harusi. Kilichobaki kwa baba mzazi ni kuvaa na kukaa. Binti aliliona hilo. Akamfuata pale anapopaka viatu kiwi, akachuchumaa, akamwambia, "Baba, wewe nitafutie wimbo wa kuingilia. Usiwe wa kila mtu. Uwe wetu." Tangu siku hiyo Sikio alitembea shingo juu. Na wimbo aliupata. Dereva mmoja wa lori aliyeleta viatu vya kushonwa alimrushia kwenye simu, hajui kautoa wapi, hauna jina la mtu. Wakwe walishapelekewa habari kwamba wimbo upo. Sasa ameuleta kijiweni upate baraka, kwani wenzake wakiubeza, ataupeleka kwa mtoto kwa uso gani?

— Tumbukiza, kaka, alisema Mawimbi, fundi redio wa mlango wa pili, ambaye kwake kila kitu duniani kinaletwa na mawimbi, hata homa.

Sikio akabonyeza, akatumbukiza. Vichwa vikainama. Nyuzi zikalia mbili tatu, halafu ikaja sauti ya mwanamke, kavu kidogo, isiyo na haraka:

*Fungua dirisha, mama, niione barabara,*
*mguu mmoja ndani, mmoja umeshatoka,*
*shikeni taa vizuri, upepo usiizime,*
*naenda, sijaenda, nani ataniita?*

Sikio akachomoa simu, akazima. Kila akifika hapo mwili humsisimka. Hata nyumbani huurudisha mwanzo, akaurudisha tena, mpaka mkewe alimwomba akausikilizie chooni.

Vichwa vikainuka. Wa kwanza kusema alikuwa Tangu Zamani, mtunza stoo mstaafu, mtu ambaye hujawahi kumtajia mwimbaji asiseme alimsikia kabla yako.

— Huyu mimi nilimsikia tangu zamani.

— Wapi, mzee wangu? aliuliza Sikio.

— Alikuwa kikongwe wakati huo. Ameshafariki.

— Amefariki na anaimba?

— Ndipo utamu wake ulipo. Hiyo ni kanda ya kale, zile za kuzungusha kwa kalamu. Hamsikii anavyokwaruza?

— Anakwaruza kwa kiu, alisema Mama Birika, muuza kahawa, akimmiminia. Mpeni maji muone.

— Mama, haya mambo yana wenyewe.

— Na kahawa ina mwenyewe. Lete hicho kikombe.

Tangu Zamani akakikumbatia kikombe kwa mikono miwili. Mawimbi alikuwa amefumba macho, kidole hewani.

— Mmesikia kule nyuma? Chini ya nyuzi? Tu, tu, tu.

— Ngoma hiyo, alisema Sikio.

— Ngoma gani! Ngoma ina ngozi. Ile ni chuma. Ndugu zangu, huyo mama anaimba ndani ya tangi la maji.

— Tangi?

— Tangi tupu, kubwa. Mawimbi yanagonga chuma yanarudi, yanagonga yanarudi, ndiyo maana unamsikia yuko karibu na yuko mbali kwa mpigo mmoja. Mimi nimefungua redio nyingi, mwanangu, sijawahi kukuta kitu hicho.

— Sasa mtu mzima na akili zake anaingia tangini kufanya nini?

— Nani kasema ameingia? Ameingizwa.

Hata Mama Birika aliacha kumimina.

— Na nani?

— Na waimbaji wakubwa, hao wa mabango. Walimsikia, wakaona huyu akitoka sisi tumekwisha kazi.

— Haa! Tangu Zamani alijipiga paja. Ndiyo maana anaimba mguu mmoja ndani, mmoja umeshatoka! Alikuwa anapanda ngazi atoroke!

— Si umesema amefariki, mzee?

— Amefariki humo humo. Sauti ikabaki. Watu wamekuja kufungua mfuniko juzi, ikatoka.

Sikio alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Alikuja na wimbo wa harusi, sasa ana maiti wa tangini.

— Jamani, nisikilizeni. Mtoto wangu anaingia ukumbini keshokutwa. Nambieni neno moja, unafaa au haufai?

— Hakuna aliyefariki, alisema Mama Birika. Huyo ni mwanamke anamwimbia mume wa mtu. Sauti hiyo naifahamu. Ilipita kwangu ikaondoka na baba watoto na godoro.

— Kwa wimbo huu huu?

— Nyuzi zilikuwa nyingine. Nia ni hiyo hiyo.

— Unafaa, alisema Mawimbi, akimpuuza. Tena unafaa kupita kiasi. Bibi harusi gani mwingine katika mji huu ataingia na kitu kilichotoka tangini?

— Hakuna, alisema Tangu Zamani. Nimehudhuria harusi tangu zamani, hakuna.

Sikio akashusha pumzi. Basi umepita. Akajiona keshokutwa, amesimama pembeni na shati lake lililopigwa pasi, watu wanaulizana, wimbo huu umetoka wapi, na mtoto anamwonyesha kwa jicho.

— Ila kuna jambo, alisema Tangu Zamani. Ukumbini watu watausikia.

— Ndiyo, mzee.

— Wote?

— Ndio ukumbi, mzee wangu.

— Basi Jumapili itabidi tumzike.

— Wagawiwe pamba mlangoni, alisema Mawimbi. Waliokaa mbele tu ndio wasikie, na wale waape.

— Pamba! Sikio alipandwa na hasira. Mashangazi wa mtoto nitawatia pamba masikioni? Hao hao ambao hawajawahi kunipa hata kiti?

— Tuupige mara ya mwisho, tumuage, alisema Tangu Zamani kwa huzuni ya kweli.

Simu ikarudi butini. Walikuwa wameinama hivyo, visogo juani, sauti inasema shikeni taa vizuri, waliposikia mtu nyuma yao.

— Nani kaanguka humo?

Wakainuka kwa pamoja, Mawimbi na Tangu Zamani wakagongana vichwa. Alikuwa bibi mmoja mfupi, mtandio umefungwa kiunoni kwa ajili ya safari, ndala mkononi kwa sababu kamba ilikuwa imekatika njiani.

— Shikamoo bibi.

— Marahaba, wanangu. Baba wa bibi harusi ndiye yupi?

— Mimi, bibi, alisema Sikio, akipangusa mikono.

— Ahaa, mkwe wangu. Bwana harusi ni mjukuu wangu, mama yake nimemzaa mimi. Nimetumwa. Sisi wanawake ndio tutasimama mlangoni kumpokea mwanao, na tumeambiwa wimbo unao wewe. Nimekuja kuusikia nikawafundishe wenzangu pa kuitikia. Haya, unaishaje?

— Unaishaje nini, bibi?

— Wimbo. Mwanzo ni wa kwenu mnaomleta. Sisi tunadaka mwishoni.

Wakatazamana. Sikio akamtazama Mawimbi. Mawimbi akamtazama Tangu Zamani. Tangu Zamani akatazama ndani ya kikombe.

— Mwisho huwa hatufiki, alisema Mawimbi.

— Kuna nini huko?

Hakuna aliyejua kuna nini. Bibi akaketi kwenye ubao, akanyoosha kiganja. Hakuitaka habari ya buti. Simu ikakaa mapajani mwake, mchana kweupe, na kwa mara ya kwanza sauti ile ikatoka pale konani waziwazi, hata muuza rangi akachungulia mlangoni. Tangu Zamani alifumba macho kama asiyetaka kuona kitu chake kikiibwa.

*Naenda, sijaenda, nani ataniita?*

Uzi wa mwisho ukaning'inia. Kidole kilimwasha Sikio kurudisha mwanzo, akakikunja ndani ya ngumi. Na hapo mwanamke wa kwenye simu, kwa sauti ile ile, ila sasa kali, akasema:

"Maziwa! Jamani maziwa! Si nilisema muyaangalie?"

Ile ala ya nyuzi ikalazwa chini, ikavuma. Ndala zikakimbia. Mfuniko ukaanguka, ukazunguka, ukazunguka, ukatulia. Mtoto akasema si mimi. Kuku akalalamika. Ile tu, tu, tu ikabaki peke yake muda mrefu, mpaka mtu akaita kwa mbali, "Fundi, shuka, hilo bati litakimbia wapi? Njoo unywe chai." Ikanyamaza. Kikafuata kimya kirefu chenye inzi mmoja, na simu ikazimika.

— Hakurudi, alisema bibi.

— Ni mbinu hiyo, alisema Mawimbi, sauti imempungua. Maziwa ni mfano.

— Mfano wa nini?

— Wa kumwagika.

— Mimi nilimsikia tangu..., alianza Tangu Zamani, akatafakari, akanywa kahawa.

Sikio alikuwa haoni kijiwe tena. Alikuwa anauona mlango wa ukumbi, mtoto wake amesimama na nguo ya shangazi zake, taa zimeshikwa, ubeti umekwisha, na spika kubwa inamwambia ukumbi mzima maziwa yameungua. Baba wakubwa wakigeuza shingo polepole kumtafuta aliko. Kitu kimoja alichopewa. Kimoja.

— Basi tusihangaike, alisema bibi, na hakuwa na kejeli, alikuwa na haraka. Niimbieni mwingine. Wowote mnaoujua mpaka mwisho, mimi nitaushika. Nasikia nyie hapa nyimbo ndiyo kazi yenu.

Tangu Zamani akakohoa, akaanzisha mmoja, mzuri, wa mchunga mbuzi mmoja aliyezikwa na kijiwe mwaka jana. Akafika mwisho wa ubeti, akasimama kama aliyefika ukutani. Mawimbi akatoa mwingine. Naye akaishia pale pale, akabaki anapigapiga goti. Akajaribu wa tatu. Wakaunganisha mwanzo wa huu na mwanzo wa ule. Nyimbo zote walizokuwa nazo vifuani zilikuwa na vichwa tu, hazina miguu.

— Mama, na wewe? bibi alimuuliza Mama Birika.

— Mimi najua miisho, bibi. Lakini kwa harusi haifai.

Sikio akasimama. Hakuwa amewahi kuimba mbele ya watu, hata mbele ya mkewe. Sauti yake ilitoka nzito, ikayumba, ikashika njia. *Fungua dirisha, mama.* Mawimbi alitaka kusema kitu, Tangu Zamani akambana mkono. *Mguu mmoja ndani.* Aliujua kama anavyojua sindano yake. Bibi akawa anaitikia kwa kichwa taratibu, akainua mkono juu, kinywa tayari, ili adake.

— *...naenda, sijaenda, nani ataniita?*

Hapo akafika pale ambapo siku zote hurudisha mwanzo, na hakukuwa na kitufe cha kubonyeza. Mkono wa bibi ulikuwa juu unamsubiri. Akafungua kinywa, na kilichomtoka ni kile alichokuwa akikitoa kila jioni mlangoni kwake, miaka ile binti alipokuwa mdogo na mchezo wa barabarani umemnogea:

— Kiduchu! Wee Kiduchu! Rudi ndani, giza linaingia!

Sauti ikagonga ukuta wa duka la rangi, ikaenda. Mwanamke mmoja ng'ambo ya barabara aligeuka. Sikio alibaki amesimama, hajui kama akae au aendelee.

Bibi akashusha mkono polepole. Akamtazama, si vibaya.

— Mkwe wangu, alisema, umemwita arudi kwako. Sisi tutakuwa upande wa pili wa mlango, tumeshamwandalia kitanda, tunamsubiri. Sasa mtoto aende wapi?

Tangu Zamani hakusema kwamba alilijua hilo tangu zamani. Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha Sikio, lakini kahawa ilikuwa imekwisha, halikutoa kitu, na yeye hakuliinua. Alilishika hivyo hivyo, limeinama, na wote wakawa wanakitazama kikombe kile kikavu kana kwamba kuna kitu kinachoingia.