Tembo wa Chumvi na Pilipili Manga

Kina mama wenzangu, nimesimama mbele yenu, mnivumilie. Nimeambiwa wajane wapya wa kikundi chetu wanahitaji kusikia, nami sina cha kuwapa ila yaliyonikuta. Majina sitataja. Wengine tunasali nao.

Marehemu mume wangu alikuwa mpishi kwenye kambi ya watalii kule Sitalike. Bosi wake mzungu alipofunga kambi akarudi kwao, alimwachia vyombo vya mezani, na kati yake tembo wawili wadogo wa kauri. Tembo hao ni vichupa: mmoja wa kunyunyizia chumvi, mwingine pilipili manga, na unga unatokea kwenye matundu ya kichwani. Mume wangu aliwapenda, jamani! Jumapili hatuli mpaka tembo wapande mezani. Watoto walikuwa wanacheka sana.

Halafu akaugua tumbo. Wiki haikuisha tukamzika.

Hata matanga hatujaanua, shemeji yangu akafungua kabati. Akakuta sanamu zenye matundu kichwani, moja ina unga mweupe, nyingine unga mweusi. Akapiga kelele mpaka majirani wakajaa: "Hii hapa! Hii ndiyo aliyomlisha kaka yangu!"

Nikasema ni chumvi na pilipili. Nikasema naonja mbele yenu. Akanijibu, "Onja tu, wewe si una kinga yako?" Ndugu zangu, nawaambia, ukishaitwa mchawi hakuna jibu linalofaa. Ukilia unajifanya, usipolia una roho ngumu.

Walinitoa nyumbani kwangu Ilembo na kanga niliyovaa. Wanangu wawili wakazuiwa, wakaambiwa, "Mama yenu atawamaliza na nyie." Mama mmoja wa kikundi hiki, hapa Makanyagio, akanilaza kwenye stoo yake ya mkaa. Nikifika bombani wenzangu wanasogeza ndoo. Ikafika mahali nikawa najiuliza, labda kweli nilimuua? Labda mkono wangu una kitu? Nilijiogopa mwenyewe, jamani.

Mwenyekiti wa mtaa alipoitisha kikao, shemeji aliwaleta tembo ndani ya ndoo, wamefunikwa, hakuna wa kuwagusa. Yule mama wa stoo naye akaja na mzee anayeuza vyombo vya mtumba sokoni. Mzee akasema bismillahi, akamtoa tembo mmoja, akampindua.

"Oneni huku chini, mhuri wa kiwanda. Mchawi gani anapiga mhuri dawa zake?"

Akachomoa kizibo, akamimina kiganjani, akalamba. "Chumvi." Akanusa wa pili, akapiga chafya, watu wakacheka. Halafu akaendelea tu kama yuko kwenye meza yake ya biashara. Kizibo siyo cha plastiki, basi ni wa zamani. Rangi imepakwa kwa mkono. Sikio la mmoja limemeguka, hapo bei inapungua. "Wakiwa wawili, kuna watu wa mahoteli wananunua hata kwa bei ya mbuzi," alisema. "Mmoja peke yake simnunui."

Shemeji akasimama. Mnajua alisema nini? "Basi hiyo ni mali ya kaka. Inabaki kwenye ukoo."

Asubuhi ile ile walikuwa uchawi! Nilikasirika, lakini nikaona mlango umefunguka. Nikamwambia, "Shemeji, chukua wote wawili. Mbele ya watu hawa, nipe wanangu."

Akawachukua. Akawaviringishia gazeti, taratibu, wasivunjike. Wanangu nililetewa jioni, hawana hata viatu.

Nyumba sikuipata mpaka leo. Nimepanga chumba, nauza maandazi, watoto wanasoma. Mama wa stoo ya mkaa, upo hapo nyuma, usiiname, Mungu akulipe. Yule mzee naye Mungu amzidishie. Na nyie mlionunua maandazi yangu wakati watu wanaiogopa mikono yangu, sitawasahau mpaka naingia kaburini.

Ninachowaomba ni hiki: kitu usichokijua, kipindue, ukiulizie, kabla hujamwita mtu mchawi. Neno hilo likishatoka halirudi. Mwanangu mdogo, mpaka leo nikimpakulia chakula, ananiangalia kwanza mimi nile. Nami nakula, nameza, anaona nimemeza, ndipo na yeye anaanza kula.