Nyanya za Baba Watoto

Muuza mboga alichungulia kikapu cha mama aliyeketi naye kwenye basi, akaguna. "Mama, mbona umezichuma mbichi hivi? Nyanya huachwa mpaka ianze kuwa nyekundu."

Nyuma yao fundi cherehani, ambaye hajawahi kupanda hata mchicha, alikubali kimoyomoyo.

"Ndivyo asemavyo baba watoto," mama alijibu. " Alizipanda mwenyewe, akalazwa kabla hazijazaa. Kila nikienda huniuliza kama zimeiva."

"Basi zifunge kwenye gazeti na ndizi mbivu. Siku nne tu."

"Siku nne, mwanangu? Daktari kaniambia nisikose kuja leo."

Basi likasimama hospitali. Mama alitafuta nyanya moja yenye wekundu kidogo, akaiweka juu, akashuka.