Papa Josias Numbi, Mpimaji Aliyeukataa Mtaro

Papa Josias Numbi alizaliwa Kiambi tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa Papa Urbain, mvuvi wa mto Luvua, na Mama Immaculée. Alisoma shule ya msingi palepale, kisha akaja Kalemie kwa mjomba wake, akapata diploma ya ujenzi mwaka 1979.

Mwaka 1982 aliingia biro ya viwanja kama mpimaji, akadumu humo miaka arobaini. Tarehe 9 Agosti 1986 alimwoa Mama Evodie, binti wa wavuvi wa hapa ziwani. Hata wakati wa uchumba alitembea akihesabu hatua, mpaka binti akamwuliza, "Josias, tunaenda sokoni ao tunapima barabara?"

Kazi iliyomfanya apendwe ilikuja mwaka 2021. Ziwa lilipanda, likameza nyumba za wavuvi. Na watu waliokimbia vita Nyunzu walikuwa bado wanalala chini ya maturubai. Wote walipaswa kupewa viwanja sehemu moja, lakini ramani iliyoletwa iliwatenga kwa mtaro mpana, eti desturi zao hazipatani. Papa Josias alikataa kupanda mawe ya mipaka kabla wenyewe hawajaulizwa. Alisimamishwa kazi miezi miwili. Aliporudi aliomba tena wenyewe waulizwe, akakubaliwa mkutano mmoja tu, mbele ya mkubwa wake.

Mama Falone wa ziwani alianza: "Sisi tunaanika ndagala. Hawa watavumilia harufu?"

Mama Kapinga wa Nyunzu akajibu: "Na sisi tunaloweka mihogo. Ile harufu, mama, wewe utaiweza?"

Watu wakaangua kicheko, mkubwa naye akashindwa kujizuia. Mtaro ukafutwa. Mahali pake pakawa uwanja wa kuanikia, samaki huku, mihogo kule, na kisima kimoja. Jioni ile Papa Josias alimwambia mkewe, "Leo njo nimepima vizuri."

Kisukari kilimshika mwaka 2023, kikamlegeza miguu. Hakununa. Aliketi mlangoni akisalimia wapita njia kwa Kitabwa na Kiholoholo, akikosea, wakimsahihisha, wakicheka pamoja. Tarehe 3 Juni 2025 asubuhi aliomba uji, akaumaliza, akafariki mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama Evodie.

Ameacha mjane, watoto watatu, Wilfried, Arlette na Ketsia, wajukuu tisa, na majirani wengi wanaomwita baba.

Mungu wetu ampokee, naye apumzike kwa amani aliyowatafutia wengine.