Odeta Nyanjura Magesa, Aliyezifungulia Zahanati Laini ya Pili (1964–1997)

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Bukindo leo, Jumamosi tarehe 14 Juni 1997, mimi ni Venant Magesa, mdogo wa marehemu. Familia imenipa kazi ya kuwasomea habari za maisha yake. Nikinyamaza katikati, mnivumilie.

Odeta alizaliwa tarehe 3 Machi 1964 katika kijiji hiki, mtoto wa kwanza wa hayati mzee Magesa Malima na mama yetu Getruda. Alisoma Shule ya Msingi Bukindo kuanzia mwaka 1972, kisha Sekondari ya Wasichana Ngaza, Mwanza, hadi 1982. Mwaka 1984 alikwenda Chuo cha Ufundi Dar es Salaam kusomea elektroniki. Darasani walikuwa wasichana wawili tu. Watu walipomuuliza baba binti yake anasomea nini hasa, alijibu kwamba hajui, ila anajua atafaulu.

Mwaka 1988 aliajiriwa kuwa fundi umeme katika kiwanda kimoja cha umma mjini Mwanza. Mageuzi ya uchumi yalipokuja, kiwanda kikapunguza watu, naye akawemo. Kwa miezi minane alitengeneza redio kwenye kibanda Mabatini, hadi Aprili 1992 alipoajiriwa na Umoja wa Zahanati za Kandokando ya Ziwa, ofisi ya Kirumba. Huko alikabidhiwa kompyuta iliyokuwa inapokea simu. Zahanati yenye kompyuta iliipigia, ikasoma barua zilizoachwa humo, ikaacha za kwake, ikakata. Kompyuta hiyo waliiita ubao. Kwa njia hiyo wauguzi wa visiwani waliagiza dawa na kuwauliza madaktari wa mjini wasiyoyajua.

Tarehe 9 Januari 1993 alifunga ndoa na Yakobo Ngosha wa Igoma, fundi wa simu. Walikutana Yakobo alipokuja kutengeneza simu ya ofisi. Baada ya hapo alirudi mara tatu kuikagua ikiwa nzima, na mara ya nne dada alimwambia aache kujisumbua, aje tu nyumbani kujitambulisha. Mungu aliwajalia binti, Hellen, mwaka 1994.

Sasa nifike mahali penye uzito. Novemba 1993 ugonjwa wa kuhara uliingia kisiwa kimoja jirani na hapa. Muuguzi Teodora, aliyekuwa Nansio, alihitaji dripu zipakiwe kwenye meli ya siku hiyohiyo kutoka Mwanza. Lakini programu ya ubao ilikuwa ya mfumo wa kompyuta uitwao DOS na ilihudumia mtu mmoja kwa wakati mmoja. Asubuhi ile zahanati nyingine ilikuwa inatuma orodha yake ndefu ya mwezi. Ujumbe wa Teodora ulipoingia, meli ilikuwa imeondoka. Watoto wawili walikufa. Teodora alipokuja mjini hakumlaumu mtu. Alimwambia tu: "Odeta, nilipiga tangu saa mbili. Kila mara simu inatumika."

Dada hakuyasahau maneno yale. Alipata habari za mfumo mwingine, Linux, unaoweza kuhudumia laini kadhaa kwa pamoja, na mgeni mmoja akamletea disketi zake. Ila programu ya ubao haikuweza kuishi humo. Alimwandikia mtunzi wa programu hiyo, mtu wa Finland, naye akamtumia kwa posta maandishi yote ya programu, bure. Kuanzia Januari 1995 dada aliyahamishia kwenye Linux, mstari baada ya mstari, kila Jumamosi na kila likizo. Kuna wakati barua za Nansio zilikuwa zinapotea, akazitafuta wiki mbili. Kumbe mfumo wa zamani haukujali herufi kubwa wala ndogo, huu mpya unajali. Alicheka akasema umekuwa kama mzee asiyeitika ukimwita bila cheo.

Agosti 1996 miguu ilianza kumvimba. Daktari alimwambia figo zimechoka, aende Dar es Salaam kwa wataalamu mapema. Alisema ataenda akimaliza. Nilimfuata Igoma nikamgombeza, mimi mdogo wake, mbele ya mume wake. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema: "Venant, nikiondoka sasa hakuna wa kumaliza. Wewe utakwenda kuwaambia nini wale wa visiwani?"

Jumamosi tarehe 22 Februari 1997, Yakobo akiwa ameunganisha laini ya pili, zahanati ya Geita iliingia kwenye ubao, na kabla haijatoka, Nansio nayo ikaingia. Nilikuwepo. Teodora aliandika: "Nimeingia mara ya kwanza tu nilipopiga." Dada alisoma, akaniomba nimfungulie dirisha, akalia.

Alisafiri Machi. Wataalamu walifanya walichoweza. Walituambia huenda hata angewahi isingesaidia, na huenda ingesaidia. Maneno hayo tumeyabeba hivyohivyo yalivyo, mama, Yakobo na mimi. Alirudi Mwanza mwezi Mei akiwa mwepesi kiasi kwamba Yakobo alimshusha kwenye gari peke yake. Alifariki nyumbani Igoma, Jumatatu tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, akiwa na miaka thelathini na mitatu. Aliyemfumba macho ni mama.

Ameacha mume, Yakobo. Mtoto, Hellen, wa miaka mitatu, ambaye tangu Jumatatu anawauliza wageni kama wamekuja na mama yake. Mama yetu Getruda, ambaye alitegemea kuzikwa na huyu. Na mimi, niliyebaki peke yangu kwa mama.

Mungu ampokee, ampumzishe, asiumwe tena.

Shikamoo, dada.