Margaret Wakesho na Kimanga cha Jumapili ya Mwisho

Wachungaji, jamaa na majirani wa Marungu, mimi ni Donald, kifungua mimba wa marehemu, na hata sasa nikiwa nimeshika karatasi hii bado siamini kwamba ni wasifu wa mama yangu ninaousoma.

Mama Margaret Wakesho alizaliwa tarehe 14 Machi 1942 hapa Marungu, akasoma hadi darasa la nne, akaolewa na baba yetu, Stephen Mwadime, karani wa reli, tarehe 21 Desemba 1963, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Valentine na Austin. Kuanzia 1971 hadi 1998 alikuwa mpishi wa shule mjini Voi, na hakuna mtoto aliyegusa sahani kabla ya kumwonyesha viganja.

Alipata kiharusi mwaka 2022, na tarehe 6 Februari 2023 tukampeleka makao ya wazee mjini Voi, wengi wenu mkanisema sana. Huko alitunzwa na Lorna Nabwile, binti wa wafanyakazi wa mashamba ya mkonge waliotoka Magharibi mwa Kenya, na kwa miaka miwili mama hakupata hata kidonda cha kulala.

Jumapili tarehe 11 Mei 2025 nilimpelekea kimanga, muhogo wetu uliopondwa na maharagwe. Tangu Ijumaa nilikuwa naharisha, nikaona ni jambo dogo, sikumwambia mtu. Lorna aliniomba ninawe kwa sabuni, kisha nimlishe mama kwa kijiko, nami nikamjibu mbele ya watu, "Mama alinilisha kwa mkono, nami nitamlisha kwa mkono, wewe ni nani?" Nikamega bila kunawa, nikamlisha tonge kwa tonge, mama akacheka. Jumanne akaanza kuharisha, Jumatano akalazwa, na Alhamisi tarehe 15 Mei, saa nne asubuhi, akatuacha, daktari akisema mwili wake haukustahimili kupoteza maji kiasi kile.

Karatasi hii ya kamati ya mazishi inasema aliugua ghafla. Si kweli. Katika matanga haya imesemwa kwamba Lorna alimlisha mama uchafu, na Jumatatu iliyopita alifukuzwa kazi kwa barua ya familia, barua niliyoiandika mimi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila maradhi yalikuwa yangu na kifo kikawa chake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochota maji na kupika, na wote waliofanya kazi na mama. Lorna tumemzuia pale langoni tangu asubuhi, naomba afunguliwe lango, akae karibu na jeneza, kwenye kiti nilichotengewa mimi, na Jumatatu ijayo nitapeleka barua nyingine ya kuifuta ile, kwa mkono wangu.

Pumzika kwa amani, mama, na unisamehe.