Sinema ya Bibi wa Fisi

Naanza na benchi, maana bila hilo benchi hawa watu wangebaki majumbani kwao wakisumbua wake zao. Ni bodi ya nyuma ya lori la zamani la pamba, imelazwa juu ya matofali, kona ya nyuma ya soko la Bariadi, ukutani kwa duka la Gharib. Mimi natengeneza baiskeli hapo, wananiita Spoku, na benchi walilileta kwenye kivuli changu bila kuniomba. Mwaka huo soko huria lilikuwa limeshatufikia mlangoni. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wakipishana barabarani, mitumba imetundikwa mpaka kwenye nyua za watu, na Gharib, ambaye zamani alikuwa akiuza sabuni kwa kificho, sasa alikuwa na jenereta na banda la video. Mkewe, Rehana, alitutolea birika la kahawa kila asubuhi. Tunakunywa, tunadanganyana, tunaomba lingine.

Wa kudumu ni watatu. Ngassa tunamwita Bunge, kwa sababu akishika zamu ya kuongea hairudishi. Luhaga ni Mizani, alikuwa mpima pamba wa ushirika mpaka wanunuzi binafsi walipokuja na mizani yao wenyewe. Wa tatu ni Januarius, kiongozi wa kwaya ya parokia, mtu wa heshima zake, baba yake Nancy.

Asubuhi hiyo Gharib alitoka dukani ameshika kanda ya video kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota panya. Alikuwa amenunua boksi zima la kanda huko Mwanza bila kuangalia ndani, na hii ilikuwa chini kabisa. Jalada limechanika, lakini picha yake ilionekana vizuri: bibi kizee wa kuchorwa, macho mekundu, amekaa mgongoni kwa mnyama mwenye madoa.

Ngassa aliweka kikombe chini.

— Ndiyo ile?

— Ndiyo yenyewe, Gharib akasema.

Mimi mwaka wa hiyo sinema nilikuwa bado naishi mji wa Mwanhuzi, kwa hiyo nimehadithiwa tu, na kila anayenihadithia anasema yeye hakuwa wa kwanza kukimbia. Ilikuwa mwanzoni mwa ruksa, vitu vilipoanza kuingia. Gharib alileta televisheni yake ya kwanza, akaweka sinema ya katuni akidhani ni ya watoto. Banda likajaa, wakubwa kwa wadogo. Sinema ilikuwa ya giza tangu mwanzo, kwa lugha ambayo hata mwalimu mkuu hakuitambua. Kisha bibi kizee akatoka nyumbani kwake, akapiga mluzi, fisi akaja, bibi akampanda. Kwetu hapa jambo hilo halihitaji mtafsiri. Kila mtoto wa Kisukuma ameshaambiwa kwamba anayepanda fisi usiku ni mchawi. Banda lilimwagika nje, na bati za upande mmoja zikaenda na watu.

Mtu mmoja tu hakutoka. Kwandu, mjane aliyekuwa akiuza karanga pale mlangoni, alivuta kiti mbele akaitazama yote. Alipotoka akawaambia waliokuwa nje kwamba yule bibi ni mwema, na kwamba mwishoni kunakucha. Nani amsikilize? Wakamuuliza yeye alibaki ndani na fisi akifanya nini. Tangu siku hiyo akawa Mama Fisi. Karanga zake mjini zikadoda, akahamia minadani kwa watu wasiomjua. Na mwanawe Marcelo, seremala mpole kabisa, alipotuma mshenga kumposa Nancy, Januarius alimpa mshenga kiti, akampa chai, akamrudisha na maneno matamu yasiyo na jibu. Sababu tuliijua wote. Januarius si mtu mbaya, ila aliogopa midomo ya watu, na kwetu midomo ya namna hiyo imeshahamisha vikongwe makwao.

Gharib alisema anaichoma kanda sasa hivi. Hapo ndipo kijiwe kilipopata kazi.

Luhaga alikataa isichomwe karibu, moshi wake ungeingia kwenye kahawa. Akashauri irudishwe Mwanza. Ngassa akamwambia huko haitakaa, itarudi tu, kwa sababu kitu hicho kinajua njia.

— Kanda inajua njia, ngosha, mwanaume mzima wewe? Luhaga akauliza.

— Kwani iliondokaje hapa? Gharib, uliiuza?

Gharib akasema alimpa dereva mmoja wa lori akaitupe mbali, na dereva aliapa ameitupa.

— Haya. Na leo imerudi, Ngassa akasema, akanywa kahawa kama mtu aliyeshinda kesi.

Hilo likawafungulia wote. Luhaga alieleza kwamba Wazungu kitu kikiwashinda wanakifunga kwenye maboksi wanatuletea, na hiyo ndiyo maana halisi ya soko huria: nguo zilizowabana, redio zilizokufa, na sinema zilizowanyima usingizi. Ngassa akampinga. Kwa maelezo yake, ile sinema haikuchorwa na Mzungu hata kidogo. Mchoraji ni Msukuma wa upande wa Mwamapalala, alichukuliwa na meli akiwa kijana, akafungiwa chumbani huko Ulaya mpaka achore yote anayoyajua kuhusu usiku wa kwao.

— Ulimwona wewe? nikamuuliza, maana mnyororo ulikuwa umenikwamia na subira imeniisha.

— Spoku, madoa yale ya fisi Mzungu atayajulia wapi?

— Si wanakuja kila mwaka kuwapiga picha hifadhini?

— Hao ni fisi wa mchana.

Ukibishana na Bunge ndiyo unaishia hapo. Januarius akasema taratibu kwamba mchoro hauwezi kutembea wenyewe bila kuingizwa kitu, na yeye anahofia kila mchoro mle ndani umebeba roho ya mtu. Luhaga akafikiri, akasema basi ndiyo maana siku hizi Ulaya wanazaliana kidogo, roho zimeishia kwenye katuni. Gharib alijaribu kuwaeleza jinsi michoro inavyopangwa ifuatane upesi hadi jicho lidanganyike. Wakamwambia yeye ni mfanyabiashara, anatetea mali yake.

Katikati ya hayo akafika Precious kuchukua baiskeli yake. Precious ni mwalimu mpya, ameletwa shule ya msingi muhula ule ule, hajui habari za mji. Alitusalimia kwa Kisukuma cha kujifunza, mwangaluka, tukamwitikia, akasimama akiwasikiliza huku akibonyeza breki kuona kama nimeikaza. Mwisho akaichukua kanda mkononi mwa Gharib, akaitazama.

— Inaishaje hii?

Ngassa akamwambia ni sinema mbaya, mwalimu, achana nayo.

— Nimesikia ni mbaya. Nauliza inaishaje.

Luhaga akatazama ndani ya kikombe chake. Januarius akakohoa. Ngassa alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akaufunga tena. Wamebishana juu ya hiyo sinema kiangazi na masika, mchoraji wanamjua, meli wanaijua, idadi ya roho wanaijua, lakini hakuna hata mmoja aliyeuona mwisho wake.

— Kwani hakuna aliyeiona yote?

Nikajibu mimi, kwa kuwa wao wasingejibu. Nikamwambia ni Kwandu peke yake.

— Kwandu yupi? Mama mwenye nyumba wangu?

Ndipo tukakumbuka kwamba mwalimu amepanga kwake. Chumba kilikuwa kitupu muda mrefu na hakuna aliyemwambia kwa nini. Luhaga akamweleza sasa, kwa sauti ya chini, jina la Mama Fisi na lilikotoka. Nilidhani mwalimu atatetemeka. Wapi. Alikasirika, hasira ya mwalimu wa darasa la pili. Akampa Gharib kanda, akasema aiwashe mchana huu huu, watu wote waone, yeye anakwenda kumleta huyo mama. Gharib naye, biashara ipo damuni, alishanusa banda lililojaa. Akaagiza mafuta ya jenereta na kutangaza sokoni.

Januarius alisema yeye ana mazoezi ya kwaya. Rehana akamjibu kutoka dirishani kwamba wanakwaya wake wameshaingia bandani, na Nancy yumo.

Mchana banda lilitapika watu. Magunia yalitundikwa madirishani kuzuia mwanga, watoto chini kwenye mkeka, wakubwa kwenye viti, na wanaume wengi, niliwaona, wamechagua viti vya karibu na mlango. Kwandu aliingia na Precious, amejifunga kitenge chake vizuri, hana haraka. Watu wakampisha zaidi ya nafasi aliyohitaji. Nilijisikia vibaya kwa ajili yake.

Sasa, banda la video bila mtafsiri ni kelele tu. Hapa mtafsiri wetu ni Ngassa. Hajui Kihindi wala Kichina, lakini anasimama pembeni ya televisheni na fimbo, anatafsiri vyote, na watu wanaridhika. Siku hiyo akainuka na fimbo yake kama kawaida. Picha ikaanza, giza tupu, maneno ya ajabu ajabu. Ngassa akainua fimbo, akaitazama televisheni, akatutazama sisi. Angetafsiri nini, na hajui kunakoelekea? Gharib alimtoa fimbo mkononi, akaipeleka kwa Kwandu.

— Mayu, mama yetu, tusaidie.

Kwandu aliipokea. Alisimama, akaenda mbele, akaanza kwa Kisukuma, na palipohitajika akachanganya Kiswahili kwa ajili ya mwalimu na akina Rehana.

— Katika nchi hii jogoo wote wameibiwa sauti. Jogoo asipowika, jua halijui saa ya kutoka. Ndiyo maana mnaona giza. Siyo usiku wa wachawi huo, ni asubuhi iliyochelewa.

Alikuwa anaijua yote, jamani. Kabla mlango haujafunguka kwenye picha, yeye ameshasema nani atatoka. Ikafika pale. Bibi akatoka nje, macho mekundu, akapiga mluzi. Viti vikaanza kulia. Wanaume wa mlangoni wakanyanyuka nusu, Januarius akashika kofia yake.

— Kaeni, Kwandu akasema bila kugeuka. Hapa ndipo mlipokimbia. Sasa kaeni muone.

Wakakaa. Na fisi akaja, bibi akampanda, na hakuna aliyekufa.

Kumbe fisi mwenyewe ni mwoga wa maji. Walipofika mtoni bibi ikabidi ashuke, ambebe yeye fisi mgongoni, miguu yote minne inaning'inia, na watoto wakacheka mpaka wengine wakalaliana mkekani. Mwizi alikuwa mfalme asiyepata usingizi. Sauti za jogoo amezifungia ndani ya chungu ili asiamshwe. Bibi hakumpiga. Alikaa kando ya kitanda chake akamwimbia, na mfalme akalala kama mtoto aliyenyonya. Mama mmoja nyuma yangu akauliza mbona basi macho ya huyo bibi ni mekundu, na banda zima likangoja jibu. Hilo swali kwetu si dogo, maana kikongwe mwenye macho mekundu huitwa mchawi.

— Moshi, Kwandu akasema. Amewasha moto tangu giza lianze, anaupuliza bila kulala, watoto wa majirani waone njia ya kurudi kwao. Wewe ukipuliza kuni mbichi macho yako yanakuwaje?

Wanawake wote mle ndani wamepika kwa kuni mbichi. Nilimwona Januarius ameinamisha kichwa, na kofia ameiweka chini.

Halafu bibi akafungua chungu. Jogoo mmoja akawika, wa pili, wa kumi, na ile picha ya giza ikalipuka rangi, nyekundu, manjano, kijani ya mpunga mchanga, jua linapanda juu ya mapaa ya nyumba na fisi amekaa anashangaa. Na nje, jua la mchana kabisa, jogoo wa mtaa wa sokoni wakasikia wenzao wakaitikia. Jogoo wa Rehana, jogoo wa mama lishe, mpaka wale wa kule machinjioni. Vigelegele vilivyopigwa mle ndani sijavisikia hata kwenye harusi. Nilifurahi, nasema wazi, nilisimama juu ya kiti cha watu na viatu vyangu vya grisi. Luhaga alikuwa analia akisema ni vumbi. Ngassa alikuwa anamweleza jirani yake kwamba yeye siku zote alijua.

Watoto wakapiga kelele sinema irudiwe. Gharib akaanza kuirudisha mwanzo, na wakati mashine inanguruma Januarius akainuka. Alipita katikati ya mikeka mpaka mbele, akasimama mbele ya Kwandu, watu wote wanaona, Nancy ameziba mdomo kwa mikono miwili.

— Mayu Kwandu, akasema. Mshenga wenu nilimchelewesha bure. Mwambie arudi. Na wewe mwenyewe uje na wazee wako nyumbani kwangu, tukae tuongee habari ya watoto wetu.

Kwandu aliishusha fimbo aliyokuwa bado ameishika.

— Tutakuja, akasema. Ila safari hii mkae mpaka mwisho.

Januarius ndiye aliyeanza kucheka, na sisi wote tukafuata.