Mashine Ilikuwa Nzima: Maisha ya Dada Yetu Filimbi

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kutusindikizia dada yetu, familia imenichagua mimi, mdogo wake anayemfuata, niwasomee maisha yake, na karatasi niliyoandaliwa na wajomba ilisema aliugua kwa muda mfupi akafariki, maneno ambayo nimeyafuta, kwa sababu hayasemi kilichomuua.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1967, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha zimamoto, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya barabara, kisha sekondari ya wasichana, ambako alivunjika mkono akicheza netiboli na akarudi uwanjani kabla hajafunguliwa plasta, mama akamfuata huko huko na kandambili mkononi. Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1989, akafundisha michezo maisha yake yote, na jioni alikuwa mwamuzi, ndiyo maana wengi wenu hamlijui jina lake jingine zaidi ya Filimbi, na kama yupo anayedhani alikuwa na upendeleo, aliwahi kumtoa nje binti yake wa kumzaa, tena kwenye fainali, na binti huyo yuko hapa, mpaka leo anadai alionewa.

Mwaka 1992 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa lifti, mtu mpole anayependa kusema kwamba katika nyumba ile yeye ni mchezaji wa akiba, wakajaliwa binti huyo, ambaye sasa ni mwalimu wa chekechea, na mtoto wa kiume, fundi bomba.

Mwezi wa kwanza mwaka huu macho yake yaligeuka manjano, akakutwa na uvimbe kwenye kongosho, kile kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo ambacho maji yake husaga chakula, na daktari bingwa wa upasuaji akautoa wote, akaunganisha upya kongosho na utumbo, kazi ngumu aliyoifanya vizuri, nasi tulimshukuru, na kwa hilo namshukuru hata leo.

Jumapili baada ya upasuaji, akiwa bado wodini, homa ilipanda, moyo ukaenda mbio, tumbo likajaa, muuguzi akatoa taarifa, na daktari wa zamu akaomba apelekwe kwenye skani, apigwe picha kwa dawa ya kung'arisha mishipa, ionekane kama pale palipounganishwa panavuja. Bingwa alikataa. Aliruhusu altrasaundi peke yake, na daktari wa picha akasema wazi kwamba gesi ya utumbo imeziba, haoni kitu, skani inahitajika, bingwa akakataa tena, akamwambia shemeji mbele yangu, mlangoni mwa wodi, "Mzee, mishono yangu haivuji. Hiyo ni homa ya mapafu, mpeni muda."

Dada alisikia, akajibu kutoka kitandani kwa sauti ndogo, "Daktari, sijasema umekosea. Nimeomba uangalie."

Bingwa alicheka kidogo, akaondoka.

Nataka mjue kwamba mashine ilikuwa nzima, iko ghorofa ya chini, nilishuka mwenyewe nikamkuta mhudumu wake amekaa hana mgonjwa, akaniambia kwa huzuni kwamba bila idhini ya bingwa mikono yake imefungwa. Jumatano bingwa alisafiri, mwenzake aliyeshika nafasi akampeleka dada asubuhi ile ile, na picha ikaonyesha dimbwi la maji lenye mapovu ya hewa kando ya kiungio, na mshipa wa damu ambao maji hayo yalikuwa yameanza kuula, umevimba kama lengelenge. Daktari wa picha alimwingiza mrija kwa kuongozwa na mashine hiyo hiyo, usaha ukatoka, homa ikashuka, dada akaomba achanwe nywele, lakini mtaalamu wa kuuziba ule mshipa alikuwa bado njiani kutoka hospitali nyingine ulipopasuka, dada akatutoka, Ijumaa asubuhi, tarehe 14 Machi.

Mjomba amenionya kwamba bingwa yumo humu, amekuja kwa hiari yake, na si vizuri kumwaibisha mgeni. Daktari, karibu, hakuna atakayekugusa. Wenzako wamenieleza kwamba kiungio cha kongosho huvuja hata kwa wenye mikono bora kabisa, na hapo ndipo hasira yangu inapowaka, maana kama mlijua hivyo, kwa nini ombi la kuangalia ulilichukua kama tusi? Tumeitaka hospitali iamue kwamba baada ya upasuaji huu homa itoshe kumpeleka mgonjwa kwenye skani, na daktari yeyote wa zamu aweze kuidhinisha, wakajibu watalikalia kikao, basi Jumatatu shemeji atakuwa mlangoni kwao, na hatakwenda peke yake.

Tunawashukuru wauguzi, daktari wa zamu ambaye hakunyamaza, daktari wa picha, majirani mliotuachia milango wazi, walimu wenzake na wanafunzi wake. Daktari, nikishuka hapa binti yake atakuja kukaa karibu nawe, ana swali moja tu, ameniomba nisilisome, na tunaomba umjibu wewe mwenyewe.

Dada, pumzika sasa, amani yote iwe yako.